Bunduki Iliyofichwa Haina Mtetezi

Mwaka 2022 Serikali ilitangaza kwamba mtu yeyote anayemiliki silaha kinyume cha sheria aisalimishe kwa hiari, na kwamba atakayefanya hivyo kati ya tarehe 1 Septemba na tarehe 31 Oktoba hatashtakiwa. Tangazo hilo lilipofika kwetu Sola, tulikaa kikao wanaume kumi na mmoja chini ya mkwaju ulio nyuma ya nyumba ya baba yangu mdogo. Sote tulikuwa wenye bunduki au warithi wa bunduki. Wawili walikuwa na leseni. Sisi wengine tulikuwa na magobore ya wazee wetu, yaliyoviringishwa katika magunia na kulazwa juu ya dari, ndani ya maghala ya mahindi, na mengine chini ya ardhi. Tulianza saa nne asubuhi, na hadi ng'ombe wanarudi kutoka machungani hatukuwa tumekubaliana jambo lolote isipokuwa moja, yaani kwamba Serikali haitutakii mema.

Nilitoka katika kikao kile nikiwa na hasira, na hasira yangu haikuwa juu ya Serikali. Ilikuwa juu yetu wenyewe. Sote tulitaka kitu kimoja: kwamba mkulima na mfugaji wa Usukumani aendelee kuruhusiwa kuwa na bunduki ya kulinda zizi na shamba lake. Tulichogombania ni njia ya kufikia huko. Na katika njia tatu zilizotetewa siku ile kwa sauti kubwa, naamini zote tatu zinatupeleka porini.

Njia ya kwanza ni ya waficha bunduki, na msemaji wake alikuwa baba mdogo. Hoja yake haikuwa ya kijinga. Alisema kwamba matangazo huja na kupita, mawaziri huja na kupita, lakini gobore la babu hubaki. Alisema orodha ya wenye bunduki leo ni orodha ya watakaopekuliwa kesho. Kisha akatukumbusha Operesheni Tokomeza ya mwaka 2013. Hapo wote tulinyamaza, maana hakuna aliyesahau. Operesheni ile ilianza Oktoba kwa nia njema ya kukomesha ujangili. Ikasimamishwa Novemba kutokana na malalamiko ya watu kupigwa, kuteswa na hata kufa. Desemba mwaka huohuo Kamati ya Bunge ilisoma taarifa yake na mawaziri wanne wakapoteza nyadhifa zao. Mzee aliyeyaona hayo akisema kwamba haamini karatasi, siwezi kumcheka.

Njia ya pili ni ya wenye leseni. Binamu yangu, ambaye hufanya biashara ya ng'ombe huko Bariadi na anamiliki shotigani kihalali, alisema hivi: "Ndugu zangu, toeni hayo magobore. Gobore ni silaha ya jangili. Mkiyatoa, Serikali itaridhika, na sisi tulio halali tutaachwa kwa amani." Kwa maneno mengine, maskini atolewe kafara ili tajiri abaki na bunduki yake.

Njia ya tatu ni ya wabishi. Huyu alikuwa mwalimu mstaafu, mtu msomi na mpenda redio. Alitaka tusikubali sharti lolote, kwa kuwa ukikubali moja utaletewa la pili. Alitaka tumwendee mbunge na kumwambia kwamba kura zetu zitakwenda kwa yule atakayeahidi kuifuta sheria yote ya mwaka 2015. Alitoa mfano wa Marekani, akasema kule wenye bunduki hawatishwi na mtu.

Hebu tuzichunguze njia hizi moja baada ya nyingine, tukianza na ile niliyoifuata mimi mwenyewe kwa miaka mingi, yaani ya kuficha.

Baba yangu mzazi alikuwa na gobore lenye karatasi zake. Alipofariki mwaka 1998, sisi wanawe tulipaswa kulipeleka kituoni, kisha mmoja wetu aombe kulimiliki kama mrithi. Hatukufanya hivyo. Tulisema tutakwenda baada ya arobaini, halafu baada ya mavuno ya pamba, halafu tukaacha kusema. Hivyo ndivyo bunduki halali inavyogeuka kuwa haramu: kwa uvivu na woga, bila mtu yeyote kukusudia uhalifu.

Usiku mmoja wa mwaka 2019 fisi waliingia katika zizi la mbuzi nyumbani kwa dada yangu, ambako gobore lilikuwa limehifadhiwa. Mume wake hakuwepo. Kijana wao wa miaka kumi na sita alilishusha darini, akashindilia baruti kwa kukisia, kwa kuwa hakuna mtu aliyewahi kumfundisha. Ungemfundishaje mtoto kutumia kitu ambacho umemwambia asitamke kwamba kipo? Mtutu, ulioliwa na kutu kwa miaka ishirini na moja, ulipasuka karibu na mkono wake wa kushoto.

Sasa sikiliza jambo ambalo linanifanya niandike. Tuliitwa usiku uleule, wajomba na baba zake. Hatukuzungumza juu ya mkono wa mtoto. Tulizungumza juu ya fomu ya polisi, ile PF3, ambayo majeruhi wa namna hii huulizwa afikapo hospitali. Tukiomba fomu tutaulizwa bunduki ni ya nani. Basi ikaamuliwa atibiwe nyumbani kwa dawa za miti shamba, tusubiri tuone. Mimi nilikuwa mmoja wa waliosema tusubiri. Siku ya tatu mkono ulianza kunuka. Tulipompeleka hatimaye, tulimfundisha aseme kwamba alikuwa akichezea baruti ya kupasulia mawe. Madaktari walikata mkono juu kidogo ya kifundo.

Sijui kama mkono ule ungeokolewa iwapo tungeondoka usiku uleule. Ninachojua ni kwamba hatukumpa nafasi hiyo, na kwamba kilichotuzuia hakikuwa Serikali. Hakuna askari aliyekuwepo pale. Tulijizuia wenyewe, kwa ajili ya chuma chenye kutu.

Kwa hiyo ninapomsikia mtu akisema kwamba kuficha ni kulinda haki yetu, namuuliza: unalinda nini? Bunduki iliyofichwa haiwezi hata kufanya kazi iliyonunuliwa kwayo, kwa sababu mlio wake mmoja utamfichua mwenyewe. Katika miaka ya 2024 na 2025, fisi waliposhambulia na kuua watoto wilayani Itilima, hapa hapa mkoani kwetu Simiyu, waliokuja kuwawinda walikuwa askari wa wanyamapori. Magobore ya waficha bunduki wa mkoa mzima yalikuwa wapi? Yalikuwa pale pale yalipofichwa. Mtu hawezi kuliambia Bunge kwamba anahitaji bunduki kwa ajili ya fisi, ilhali fisi walipokuja aliogopa kuitoa.

Tena tusijidanganye kwamba gobore ndilo lililotuletea usalama huku Usukumani. Mwaka 1890 mataifa makubwa yalikutana Brussels na kukubaliana kuzuia bunduki za kisasa zisiingie katika sehemu kubwa ya Afrika, kuanzia latitudo ya 20 kaskazini hadi latitudo ya 22 kusini. Walichoacha mlango wake wazi ni bunduki za gumegume zisizo na michirizi ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida. Sisemi wazee wetu hawakulipenda gobore, wala kwamba halikuwalisha. Nasema tuliachiwa kwa sababu aliyetuachia hakuliogopa. Anayelishika leo na kuhubiri kwamba ndilo ngao ya uhuru wa Mwafrika, na asome kidogo.

Kilicholeta usalama kwetu ni kitu kingine. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, silaha za moto zilienea na wezi wa mifugo wakawa hawashikiki. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanavijiji wa Shinyanga na Tabora waliunda Sungusungu. Silaha yao ilikuwa upinde na mishale, na nguvu yao ilikuwa yowe. Likipigwa kijiji hiki, kijiji cha pili kinalipokea, na mwizi mwenye bunduki anajikuta katikati ya watu mia tano. Walikuwa na viongozi wanaojulikana kwa majina, na mikutano yao ilifanyika mchana. Kwa hakika walikosa pia. Walipiga watu bila hukumu, na vikongwe wasio na hatia waliitwa wachawi na kuteswa. Baadhi ya viongozi wao walikamatwa na kushtakiwa. Lakini kwa kuwa walikuwa wakionekana, Serikali ililazimika kuzungumza nao, na mwaka 1989 Bunge lilirekebisha sheria za mgambo na kuwapa nafasi ndani yake. Hao ni watu wa huku huku kwetu. Walipata sheria kwa kusimama hadharani pamoja na makosa yao, wala si kwa kujificha darini.

Sasa nije kwa binamu na wenzake wenye leseni. Nakiri kwamba njia yao huweza kufaulu. Uingereza, baada ya mauaji ya watoto kumi na sita na mwalimu wao katika shule ya Dunblane mwaka 1996, bastola za raia zilipigwa marufuku mwaka 1997, na wenye bunduki za marisau za kuwindia ndege wakabaki nazo. Aliyekuwa na bunduki ya aina moja alilala usingizi, na jirani yake akapoteza ya aina nyingine. Lakini nauliza, je, ni kweli kwamba gobore ndilo tatizo la mkoa wetu? Januari mwaka 2016 rubani Roger Gower aliuawa katika pori la akiba la Maswa. Helikopta yake ilipigwa risasi kutoka ardhini alipokuwa akisaidia kuwasaka majangili wa tembo. Sijamsikia mtu akidai kwamba kazi ile ilifanywa na gobore la babu. Tena binamu anajua, kama ninavyojua, kwamba wako wenye leseni safi ambao huazimisha bunduki zao usiku na kuzirudisha kabatini alfajiri pamoja na mgao. Mwenye leseni akitaka kuheshimiwa, aanze kwa kuwakemea hao wa kundi lake kabla ya kunyooshea kidole gobore la mkulima wa mtama.

Iko sababu nyingine ya kuikataa njia yake. Wenye leseni ni wachache. Wakiisha kutusukuma sisi nje, watasimama peke yao, nao hawana wingi wa kumfanya mbunge yeyote awasikilize. Watakuwa wamemtoa kafara mtu pekee ambaye angeweza kusema mbele ya taifa, bila aibu, kwamba bunduki yake ni ya kulinda mbuzi.

Na mwalimu mstaafu je? Namheshimu, kwani alinifundisha mimi mwenyewe. Lakini mfano wake wa Marekani aliuchukua nusu. Marekani bunduki imetajwa katika marekebisho ya Katiba yao yaliyopitishwa mwaka 1791. Katiba yetu ya mwaka 1977 inataja katika ibara ya 14 haki ya kuishi na kupata hifadhi ya maisha, na katika ibara ya 24 haki ya kumiliki mali. Silaha haikutajwa. Kwa hiyo mtu wa Sola akisimama na kudai haki ya kikatiba ya bunduki, anavaa joho la kuazima ambalo litamvuka mbele za watu.

Hata kule Marekani wenye bunduki hawakuwa kitu kimoja. Chama chao kikubwa, NRA, kwa muda mrefu kilikuwa cha walenga shabaha na wawindaji, na viongozi wake hawakuona haya kuzungumza na Serikali juu ya masharti. Mwaka 1977, katika mkutano mkuu wao mjini Cincinnati, wanachama waliokasirishwa na mwendo huo waliwaangusha viongozi, na kundi la Harlon Carter lililotaka mapambano ya kisiasa likashika usukani. Kabla ya hapo, wengine walikuwa wamekwisha anzisha chama chao kisichotaka maridhiano kabisa. Sisifu walichokifanya baadaye na bunduki zao. Nchi ile inazika watoto wengi mno. Ninachosema ni kwamba ugomvi wao waliufanya ukumbini, wakiwa na kadi za uanachama, na hesabu ya kura ikajulikana. Mwalimu wetu anataka ubishi wa Cincinnati, lakini wafuasi wake hawathubutu kuandika majina yao kwenye daftari la shule. Utamtishaje mbunge kwa kura za watu ambao hawawezi kujitaja kwamba wana bunduki?

Basi njia yangu ni ipi? Ni hii: tujitokeze kwanza, halafu tudai. Mpangilio huo ndio wote. Asiyehesabiwa hana sauti, na anayedai akiwa amejificha huonekana mhalifu hata pale anapodai haki.

Nasema tudai, kwa sababu yako mengi ya kudai. Kwanza, mrithi wa bunduki halali apewe muda wa kutosha na njia nyepesi, asizungushwe ofisi hadi ofisi mpaka akate tamaa kama tulivyokata sisi hata kabla ya kuanza. Pili, uhakiki usiwe wa mijini tu. Mwaka 2016 wenye silaha nchini waliagizwa kuzihakiki, lakini kwa mkulima, kubeba bunduki ndani ya basi hadi kituo cha mbali ni safari ya gharama na ya hatari. Daftari na limfuate mtu kijijini. Tatu, anayenyimwa leseni aambiwe sababu kwa maandishi. Nne, anayesalimisha silaha kwa hiari apewe karatasi inayosema hivyo, ili mwaka wa kumi asije kugongewa mlango kwa kosa alilokwisha kusamehewa.

Na sisi kwa upande wetu tukubali masharti ambayo mtu mwenye akili hawezi kuyakataa. Bunduki ikae ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli. Isiazimishwe, hata kwa shemeji. Ikipotea, taarifa itolewe siku hiyohiyo. Asiyejua kuitumia asiishike. Laiti tungeyafuata haya katika ukoo wetu, kijana yule angekuwa na mikono miwili.

Ombi la leseni huanzia katika serikali ya kijiji kabla ya kupanda kwenye kata, wilaya na mkoa. Maana yake ni kwamba mlango wa kwanza wa sheria hii uko kwetu, mikononi mwa watu tunaowaamkia kila asubuhi. Mkutano wa kijiji ndio mahali pa kusema ni nani anahitaji bunduki, ni nani hafai kupewa, na kwa nini. Wakati sisi tukinong'onezana chini ya mkwaju, mlango huo ulikuwa wazi na hakuna hata mmoja aliyeuingia.

Najua nitaulizwa juu ya mwaka 2013. Nani atatuhakikishia kwamba hayatarudi? Hakuna. Lakini hebu tuangalie nini kiliisimamisha operesheni ile. Waliopigwa walisema waliyotendewa, wabunge wakasimama wakasema, na taarifa ikasomwa mbele ya taifa. Iliyotuokoa ni sauti. Mtu mwenye gobore la siri akipigwa hulamba jeraha lake kimya, kwa sababu kulalamika ni kujishtaki.

Mwishoni mwa Oktoba mwaka 2022 nilikwenda kulisalimisha gobore la baba. Mtutu ulikuwa umepasuka, lakini kitako cha mti kilikuwa bado kina alama ya kiganja chake. Nilifuatana na mpwa wangu kwa ombi lake mwenyewe. Askari aliandika, akauliza maswali machache, akatupa karatasi. Hatukurudi na leseni, wala sikuahidiwa kuipata. Sitaki kumdanganya msomaji kwamba nilitoka pale nikiwa mshindi. Nilitoka nikiwa mtu anayeweza kusimama katika mkutano wa kijiji na kusema, na tangu siku ile nimesimama mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa peke yangu. Mara ya tatu tulikuwa watano, na mmoja wao alikuwa binamu.

Baba mdogo alikataa kuitikia salamu yangu hadi msimu wa pamba uliofuata. Mwaka 2023 Serikali ilipotoa tena muda wa miezi miwili, nilimwendea kwa heshima zote, nikiwa na debe la mtama. Alipokea mtama. Juu ya bunduki alisema tu kwamba iko mahali salama.

Alifariki mwaka 2024 bila kumwambia mtu mahali hapo ni wapi. Wanawe wamechimba nyuma ya zizi, wamechimba chini ya mkwaju, hawajaona kitu. Bunduki aliyoificha ili asinyang'anywe sasa haimo mikononi mwa Serikali wala mwa ukoo. Iko ardhini mahali fulani hapa Sola, na siku moja jembe la mtoto litaigonga.